Uzito wa neno "huenda": jinsi idara za ujasusi zinavyochambua habari

Neno "jasusi", ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, humletea msikilizaji picha ya mtu anayejificha: anayetega sikio mlangoni, anayeiba karatasi, anayejipenyeza katika jeshi la adui. Picha hiyo si ya uongo, lakini inaacha nje sehemu kubwa ya kazi. Katika idara za ujasusi za mataifa makubwa wamo watu wengi ambao maishani mwao hawajapata kuiba hata barua moja. Hao hukaa ofisini, husoma, hulinganisha, huandika. Huitwa wachambuzi. Kitenzi chenyewe kinafaa sana hapa. Mwenye kuchambua pamba huondoa mbegu na takataka. Mwenye kuchambua mboga huchagua majani mazuri na kutupa yaliyooza. Mchambuzi wa habari hafanyi jingine, ila kwake yeye jani lililooza hufanana mno na jani zima, na mara nyingine adui mwenyewe ndiye aliyelitia kapuni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, hasa kwa kutazama idara za Marekani, ambazo hati zake nyingi za zamani zimekwisha kufunguliwa kwa watafiti. Yatakaa zaidi juu ya jambo moja ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita hivi hivi, yaani namna mchambuzi anavyotumia maneno kupima kiasi cha yale asiyoyajua.

Habari na maana yake

Vitabu vya taaluma hii huieleza kazi ya ujasusi kama mzunguko. Kwanza kiongozi wa nchi au wa jeshi huuliza swali. Kisha habari hukusanywa, na baada ya hapo hutayarishwa, maana yake maandishi ya fumbo hufumbuliwa, maneno ya lugha ngeni hutafsiriwa, picha hukuzwa. Ndipo zinapofika kwa mchambuzi, na mwishoni jibu humrudia yule aliyeuliza, naye huuliza jingine. Waliofanya kazi hiyo wenyewe hukiri kwamba mambo hayaendi kwa utaratibu mzuri namna hiyo. Habari hufika kabla ya swali, swali hubadilika njiani, na kiongozi huwa amekwisha kuamua kabla ya kusoma. Hata hivyo mfano wa mzunguko unasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya: habari, na maana ya habari.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika kisa cha vifaru vya Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mataifa yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani yalitaka kujua ni vifaru vingapi vinavyoundwa huko kila mwezi. Taarifa za kijasusi za kawaida zilitaja kiasi cha vifaru 1,400 kwa mwezi kati ya Juni 1940 na Septemba 1942. Wachumi na wanatakwimu waliokuwa wakifanya kazi katika ubalozi wa Marekani mjini London walifuata njia nyingine. Walikusanya namba za mfululizo zilizopigwa katika vyuma vya vifaru vilivyotekwa au kuharibiwa vitani, wakazitumia kukisia jumla. Hoja yao ni nyepesi kuifahamu. Ikiwa namba zinaanzia moja, na mtu ameona chache tu kwa bahati, basi namba kubwa kuliko zote aliyoiona, ikiongezwa wastani wa nafasi iliyopo kati ya namba alizoziona, itampa jumla iliyo karibu na kweli. Jibu lao lilikuwa vifaru 246 kwa mwezi. Vita vilipokwisha na daftari za Wajerumani kusomwa, ilionekana kwamba idadi ya kweli ilikuwa 245. Namba zile hazikuwa siri kubwa. Kila askari aliyekaribia kifaru kilichoungua aliweza kuzisoma. Kilichokuwa adimu ni mtu wa kuziuliza swali.

Ama habari zinazotoka kwa watu, hizo zina taabu yake. Majeshi mengi ya Magharibi hutumia mpango wa kuzipa alama mbili, herufi na tarakimu. Herufi, kuanzia A hadi F, humpima mtoa habari: je, amezoeleka kuwa mwaminifu? Tarakimu, kuanzia 1 hadi 6, huipima habari yenyewe: je, inathibitishwa na nyingine, inapatana na yale yanayojulikana? Hekima ya mpango huo ni kwamba vipimo hivi viwili havifungamani. Mtu mwaminifu huweza kubeba uongo ambao naye alidanganywa, na tapeli huweza siku moja kusema kweli. Yafaa pia kukumbuka kwamba alama za mwisho, F na 6, si matusi. Humaanisha tu kwamba hakuna msingi wa kuhukumu. Methali husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mchambuzi hana ruhusa ya kuitegemea, kwa kuwa tetesi moja ikipita katika vinywa vitatu humfikia kama mashahidi watatu.

Uwezekano wa kutiliwa maanani

Mwezi Machi 1951 viongozi wa Marekani walikuwa na hofu juu ya Yugoslavia. Tito na Stalin walikuwa wametengana tangu 1948, na majeshi ya nchi jirani zilizokuwa chini ya Moscow yalikuwa yakiongezewa nguvu. Ofisi ya Makisio ya Taifa, iliyokuwa ndani ya CIA, ikatoa hati yenye namba 29-51 kuhusu kama nchi hiyo ingeshambuliwa mwaka huo. Miongoni mwa wakuu wa ofisi hiyo alikuwamo Sherman Kent, profesa wa historia kutoka Chuo Kikuu cha Yale, aliyeingia katika kazi hii wakati wa vita, na ambaye mwaka 1949 alikuwa ametoa kitabu kilichojaribu kuifanya kuwa taaluma yenye kanuni zake.

Hati ilisema kwamba shambulio juu ya Yugoslavia mwaka 1951 lapaswa kuhesabiwa kuwa, kwa Kiswahili, "uwezekano wa kutiliwa maanani". Siku chache baadaye, mkuu wa ofisi ya kupanga sera katika Wizara ya Mambo ya Nje alimwuliza Kent katika mazungumzo ya kawaida: maneno hayo yalikusudia nini hasa? Kent alijibu kwamba kwa maoni yake mizani ilikuwa kama 65 kwa 35 kuelekea upande wa shambulio. Mwulizaji alishtuka. Yeye na wenzake walikuwa wameyasoma maneno yale wakadhani nafasi ni ndogo zaidi kuliko hiyo. Kent naye akashtuka kwa zamu yake, akaenda kuwauliza mmoja mmoja wale waliokuwa wameikubali hati pamoja naye. Mmoja alikuwa akifikiria 80 kwa 20. Mwingine alikuwa akifikiria 20 kwa 80. Wengine walikuwa katikati. Watu wazima, wasomi, walikuwa wamebishana kwa siku kadhaa juu ya kila sentensi, wakaafikiana juu ya maneno, na ndani ya maneno yale kila mmoja akaweka maoni yake. Shambulio lenyewe halikutokea, lakini hilo halimwondolei mtu mashaka: hati iliyokubalika kwa kauli moja haikuwa imesema neno.

Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa jicho la Kiswahili, maana tafsiri yenyewe inafichua tatizo. Mfasiri mwenye haraka angeandika "uwezekano mkubwa", na angekuwa amekosea, kwa sababu maneno ya hati hayakusema kwamba jambo lina nafasi kubwa ya kutokea. Yalisema kwamba lisipuuzwe. Jambo huweza kutiliwa maanani kwa sababu lakaribia kutokea, au kwa sababu madhara yake ni makubwa hata kama ni nadra. Nyoka mmoja katika vichaka mia ni wa kutiliwa maanani. Waandishi wa hati walichanganya ukubwa wa nafasi na ukubwa wa hatari, na msomaji hakuwa na njia ya kuvitenganisha.

Kiswahili nacho hakina kinga. Maneno yake ya mashaka yalitoka njia mbalimbali, na hayakuja yakiwa yamepangwa kwa daraja. "Pengine" ni mahali pengine. "Huenda" ni kitenzi cha mwendo kilichogeuka kuwa cha dhana. "Yamkini" latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kuwezekana. Ajabu kuliko yote ni "labda", ambalo wataalamu wa asili ya maneno hulirudisha katika usemi wa Kiarabu wenye maana ya kwamba hapana njia ya kukwepa. Usemi huo huo umebaki na maana yake ya kale katika "hapana budi" na "sina budi". Hivyo neno la lazima limegeuka kuwa neno la shaka. Nani basi atasema kama "huenda" ni zaidi au pungufu ya "yamkini"? Mtu akiwauliza wanafunzi ishirini waandike asilimia mbele ya kila neno, atapata alichokipata Kent.

Upande mwingine, lugha hii ina chombo ambacho lugha nyingi zingekitamani. "Eti" huonyesha kwamba maneno ni ya mwingine na kwamba msemaji hajayapokea. "Inasemekana" huyapokea nusu, lakini humficha aliyesema. "Nimeona", "nimesikia" na "yaelekea" huyatenganisha mambo matatu: la kushuhudiwa, la kuhadithiwa na la kufikiriwa. Mtoto wa Kiswahili hujifunza tofauti hizo kabla ya kwenda shule. Taarifa ya mchambuzi ikiandikwa vizuri hufanya hivyo hivyo katika kila sentensi, na ikiandikwa vibaya huyayeyusha yote matatu katika kauli moja ya kutendwa.

Mwaka 1964 Kent aliandika makala juu ya maneno ya makisio, katika jarida la ndani la CIA. Alipendekeza kila neno lipewe tarakimu yake. Lililo yakini ni 100. Lililo karibu na yakini ni kama 93, likiongezwa au kupunguzwa 6. Linaloelekea kuwa ni 75, kwa tofauti ya 12. Nusu kwa nusu ni 50, kwa tofauti ya 10. Linaloelekea kutokuwa ni 30, na karibu yakini kwamba halipo ni 7. Neno la kuwezekana peke yake alitaka liachwe bila kivumishi chochote. Wenzake waligawanyika makundi mawili, naye akayaita wanahisabati na washairi. Washairi walisema kwamba tarakimu huleta udanganyifu wa uhakika pale ambapo uhakika haupo, na kwamba lugha nzuri inatosha. Jina hilo halikuwa sifa. Mtu wa fasihi anaweza kuona kwamba Kent aliwaonea washairi, kwa kuwa mshairi wa kweli ndiye wa kwanza kujua kwamba maneno mawili hayana uzito mmoja. Washairi wale walishinda kwa miaka mingi. Ni baada ya fedheha ya Iraki ndipo idara za Marekani zilipopewa, mwaka 2007, kanuni rasmi za uchambuzi. Katika toleo la 2015 kanuni hizo zina ngazi saba za maneno, kila moja na asilimia zake, na zinaonya kwamba kiasi cha uwezekano wa jambo na kiasi cha imani ya mchambuzi katika ushahidi wake visitiwe katika sentensi moja. Onyo hilo la mwisho ni la maana kubwa. Mtu aweza kusema kwa imani kubwa kwamba nafasi ni nusu kwa nusu, kama arushaye sarafu.

Hata tarakimu zenyewe hazimalizi ugomvi. Mwaka 2011, kabla ya shambulio juu ya nyumba ya Abbottabad nchini Pakistani alimojificha Osama bin Laden, wachambuzi walitoa makadirio yaliyotofautiana sana juu ya kuwapo kwake, mengine karibu na asilimia 40 na mengine yaliyopita 80. Rais Obama alieleza baadaye kwamba kwake yeye ilikuwa kama 55 kwa 45.

Dhana iliyopitwa na wakati

Makosa makubwa ya ujasusi mara chache hutokana na uhaba wa habari. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa kawaida mawingu yameonekana. Kinachokosekana ni mtu wa kukubali kwamba yataleta mvua. Mfano unaofundishwa mahali pengi ni wa Israeli mwaka 1973.

Idara ya ujasusi wa jeshi la Israeli, ikiongozwa na Jenerali Eli Zeira, ilikuwa na nadharia iliyoitwa kwa kifupi "Dhana". Dhana ilikuwa na nguzo mbili. Kwanza, Misri haitaanza vita kabla ya kupata ndege za masafa marefu na makombora ya kuweza kuipiga Israeli ndani kabisa. Pili, Siria haitaanza vita bila Misri. Nadharia hii haikuwa ya kijinga. Ilijengwa juu ya habari nzuri zilizotoka karibu na uongozi wa Misri, na wakati ilipotungwa ilieleza kweli mawazo ya Kairo. Lakini mwishoni mwa 1972 Rais Sadat alibadili shauri: angepigana vita vidogo, kwa silaha alizo nazo, ili kuvunja ukimya wa kisiasa. Ukweli uliojenga Dhana ulikuwa umekufa, Dhana yenyewe ikaendelea kuishi. Mwezi Mei 1973 kulikuwa na dalili za vita, jeshi likaweka tahadhari kwa gharama kubwa, Zeira akasema vita havitakuja, na havikuja. Kuwa sahihi mara hiyo kulimpa sauti ambayo miezi mitano baadaye hakuna aliyethubutu kuipinga.

Mwanzoni mwa Oktoba majeshi ya Misri yalijazana kando ya Mfereji wa Suez kwa jina la mazoezi. Luteni kijana katika kamandi ya kusini, Binyamin Siman-Tov, aliandika hati mbili, tarehe 1 na tarehe 3, akieleza kwamba yale aliyokuwa akiyaona hayafanani na mazoezi, na kwamba mazoezi yaweza kuwa kifuniko cha vita. Mkuu wake hakuzipeleka mbele, kwa sababu makao makuu yalikuwa yamekwisha kusema ni mazoezi. Tathmini rasmi iliendelea kusema kwamba vita ni "uwezekano mdogo". Tarehe 6 Oktoba, saa nane mchana, Misri na Siria zilishambulia kwa pamoja. Israeli ilipoteza zaidi ya askari 2,500, na upande wa Waarabu waliokufa walikuwa wengi zaidi. Tume ya Jaji Agranat, katika taarifa yake ya Aprili 1974, iliitaja Dhana kuwa miongoni mwa sababu za kushtukizwa, na Zeira akaondolewa. Baada ya hapo idara ilianzisha kitengo ambacho kazi yake ni kupinga: wasomaji wa habari zile zile wanaotakiwa kutetea hitimisho la kinyume.

Wamarekani walikuwa wameonja jambo la jinsi hiyo miaka 11 kabla. Tarehe 19 Septemba 1962 ofisi ya Kent ilikisia kwamba Wasovieti hawangeweka makombora ya nyuklia nchini Kuba, kwani hawakuwa wamepata kufanya hivyo nje ya mipaka yao na hatari ilikuwa kubwa mno. Tarehe 14 Oktoba ndege ya U-2 ilipiga picha, na kesho yake wataalamu wa kusoma picha waliyaona makombora. Waliyatambua aina yake kwa msaada wa vitabu vya maelezo vilivyotolewa kwa siri na afisa wa Kisovieti Oleg Penkovsky. Hapo picha na mtu vilisaidiana. Kimoja bila kingine kingechelewa.

Mtu aliyejitahidi kuliko wengi kutafuta dawa ni Richards Heuer, aliyekuwa mtumishi wa CIA, ambaye kitabu chake cha 1999 kinaegemea saikolojia. Heuer alionyesha kwamba akili ya binadamu hushika dhana moja mapema, kisha hukusanya vinavyoiunga mkono. Njia aliyoipendekeza ni kuandika dhana zote zinazowezekana kwa safu, na ushahidi wote kwa mistari, kisha kuuliza kwa kila ushahidi: je, unapatana na dhana hii, na ile, na ile? Ushahidi unaopatana na dhana zote hauna thamani, hata kama unashtua. Homa huonyesha kwamba mgonjwa ni mgonjwa, haionyeshi kwamba ana malaria. Dhana inayobaki si ile yenye vielelezo vingi vya kuiunga mkono, bali ile yenye vichache vya kuikanusha.

Vikwazo vya maneno vinapoondolewa

Kuhusu Iraki yatosha kutaja mambo mawili, kwa kuwa kisa chenyewe kimeandikwa sana. La kwanza ni la mtoa habari aliyepewa jina la siri la Curveball, Mwiraki aliyekimbilia Ujerumani na kudai kwamba nchi yake ilikuwa na maabara za silaha za viini vya magonjwa zilizopakiwa katika malori. Karibu taarifa mia moja zilitokana naye peke yake. Wachambuzi wa Marekani waliomtegemea hawakupata kumhoji wenyewe kabla ya vita. Mwaka 2011 alikiri hadharani kwamba alitunga.

La pili lahusu lugha. Makisio ya siri ya Oktoba 2002 yalikuwa na maneno ya tahadhari, yenye maana ya "tunaona" au "kwa tathmini yetu", na yalikuwa na kauli za kupinga: wataalamu wa Wizara ya Nishati walisema mabomba ya alumini yaliyonunuliwa na Iraki hayakufaa sana kwa mitambo ya kurutubisha urani. Mwezi huo huo ilitolewa hati fupi kwa ajili ya umma. Kamati ya Baraza la Seneti, katika taarifa yake ya Julai 2004, ilionyesha kwamba ndani ya hati hiyo maneno ya tahadhari yalikuwa yameondolewa. Palipoandikwa kwamba wachambuzi wanafikiri Iraki ina kitu fulani, umma ulisoma kwamba Iraki inacho.

Leopoldville, Agosti 1960

Kongo nayo imo katika historia hii. Ujuzi juu yake umetokana hasa na kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church, iliyotoa taarifa mwaka 1975, na hati zaidi zilizochapishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo mwaka 2013.

Tarehe 18 Agosti 1960, kituo cha CIA mjini Leopoldville, kilichoongozwa na Larry Devlin, kilipeleka simu ya maandishi Washington. Ilisema kwamba ubalozi na kituo vinaamini Kongo inapitia jaribio la Kikomunisti, la mtindo uliozoeleka, la kutwaa serikali. Kisha ikaongeza kwamba, awe Lumumba ni Mkomunisti kweli au anacheza tu mchezo wao ili ajiimarishe, nguvu zinazoupinga upande wa Magharibi zinakua haraka, na huenda muda uliobaki wa kuzuia Kuba nyingine ni mfupi.

Sentensi hiyo ya pili inastahili kuchambuliwa neno kwa neno. Kama Lumumba alikuwa Mkomunisti au la, ndilo hasa swali ambalo mchambuzi angepaswa kulijibu. Hapa limewekwa kando kwa kifungu cha "awe au asiwe", kana kwamba jibu halibadili kitu. Na mahali pa ushahidi pamekaliwa na mfano, Kuba. Mtu akitumia safu za Heuer, anapata sura nyingine. Dhana moja ni kwamba waziri mkuu alikuwa akiiingiza nchi katika kambi ya Moscow. Nyingine ni kwamba alikuwa mzalendo aliyetaka kurudisha Katanga, iliyojitenga tarehe 11 Julai, na ambaye hakuwa na ndege wala malori. Maombi yake kwa Wasovieti yanapatana na dhana zote mbili, kwa hiyo hayaamui. Lakini mwezi Julai yeye na Rais Kasavubu waliyaomba kwanza Mataifa Yaliyoungana, na mwishoni mwa mwezi huo alikwenda mwenyewe Washington kutafuta msaada. Hayo ni magumu kuyapatanisha na dhana ya kwanza, na hayakupewa uzito.

Haki yataka isemwe kwamba simu ile haikuwa makisio ya ofisi ya Kent. Ilitoka kwa watu wa kituoni, ambao kazi yao ilikuwa kutenda pamoja na kuarifu, na ndiyo sababu wanadharia wengi husisitiza kazi hizo mbili zisikae mikononi mwa mtu mmoja. Anayependekeza hatua hupata habari zinazoidai hatua hiyo. Tarehe 26 Agosti mkuu wa CIA, Allen Dulles, alijibu kwa simu aliyoitia sahihi mwenyewe, akisema kumwondoa Lumumba ni lengo la haraka na la kwanza. Mwezi Septemba sumu ilipelekwa Leopoldville. Haikutumika. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, mikononi mwa viongozi wa Katanga, maafisa wa Kibelgiji wakiwapo. Kamati ya Church haikuona ushahidi kwamba CIA ilihusika moja kwa moja katika mauaji hayo. Tume ya Bunge la Ubelgiji ilikubali mwaka 2001 kwamba nchi hiyo ilikuwa na dhamana ya kimaadili.

Mwezi Aprili 1962, akiwa amekwisha kuacha ukuu wa CIA, Dulles aliulizwa katika kipindi cha televisheni ni mambo gani idara yake iliyakadiria vibaya. Akaitaja Kongo: alisema hatari ya Wasovieti huko ilikuwa imekisiwa kuwa kubwa kupita ilivyokuwa.